Wageni wa Angani: Madai, Vipimo na Pengo Lililo Kati Yake

Tarehe 26 Julai 2023, David Grusch, ofisa wa zamani wa ujasusi katika Jeshi la Anga la Marekani, alikula kiapo mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi jijini Washington. Alisema serikali yake imekuwa ikikusanya kwa miongo kadhaa mabaki ya vyombo visivyotengenezwa na binadamu, na kwamba baadhi ya vyombo hivyo vilikutwa na mabaki ya viumbe. Habari ilipofika kwenye simu za watu ilikuwa imeshakatwa kichwa na miguu: Marekani imekiri. Maneno mengine aliyoyasema siku ileile, kwamba yeye mwenyewe hakuviona vyombo hivyo bali alielezwa na mashahidi zaidi ya 40 aliowahoji, hayakusafiri mbali.

Septemba mambo yakazidi kuchanganya. Tarehe 12 mwandishi wa habari Jaime Maussan aliingia katika Bunge la Mexico na masanduku mawili yenye miili midogo iliyokauka, akidai si ya viumbe wa dunia hii. Tarehe 14 jopo la wataalamu 16 lililoundwa na NASA likatoa ripoti iliyosema halikupata ushahidi kwamba vitu visivyotambulika angani vinatoka nje ya dunia. Machi 2024 AARO, ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayoshughulikia suala hili, ikafikia jibu hilohilo baada ya kupekua kumbukumbu za tangu 1945. Msomaji wa kawaida amwamini nani?

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na maswali matatu kufungwa kwenye furushi moja. Je, kuna uhai kwingine ulimwenguni? Je, serikali zinaficha mambo? Je, vile vinavyoonekana angani ni vyombo vya wageni? Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na la pili, kama ninavyoelekea mimi, na bado akasita kwa la tatu. Mijadala mingi huanzia kwenye la tatu, ikibanwa hukimbilia la kwanza, ikibanwa tena hujificha nyuma ya la pili.

Tangu visahani vya 1947

Historia ya kisasa ya jambo hili huhesabiwa kuanzia 24 Juni 1947. Siku hiyo Kenneth Arnold, mfanyabiashara aliyekuwa akiendesha ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington, aliona vitu tisa vinavyong'aa vikipita kwa mfuatano, akakadiria vinakwenda zaidi ya kilomita 1,900 kwa saa. Aliwaeleza waandishi kwamba vilidundadunda hewani kama kisahani kilichorushwa juu ya maji. Alikuwa akieleza mwendo; magazeti yakaandika umbo. Wiki hazikupita nyingi, watu wa majimbo mengine nao wakawa wanaona visahani, jambo ambalo lingepaswa kumfikirisha yeyote anayetegemea wingi wa mashahidi.

Tarehe 8 Julai mwaka huohuo kambi ya ndege za jeshi ya Roswell, New Mexico, ilitangaza kwamba imeokota kisahani, na muda si mrefu makamanda wakasema ni puto la hali ya hewa. Hadithi ililala kwa takriban miaka 30, ikaamka mwishoni mwa miaka ya 1970, safari hii ikiwa na maiti za viumbe ndani yake. Mwaka 1994 Jeshi la Anga lilieleza kwamba yale yalikuwa mabaki ya Mogul, mradi wa siri wa maputo yaliyobeba vinasa sauti vya kusikilizia majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Kwa hiyo waliohisi wanadanganywa hawakukosea. Walichokosea ni kukisia kilichofichwa.

Afrika Mashariki nayo ina kesi yake katika makabrasha ya jambo hili. Februari 1951 wahudumu na abiria wa ndege ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa walieleza kuona kitu cha rangi ya fedha, chenye umbo la risasi, kikining'inia juu ya Kilimanjaro kabla ya kuondoka kwa kasi. Mawingu ya umbo la lenzi hujitengeneza juu ya vilele vya namna ile, na hewa yenye matabaka ya joto na baridi hupotosha taswira za mbali. Lakini maelezo hayo hayakai sawasawa juu ya kila walichosema mashahidi wale. Kesi imebaki kiporo, na itaendelea kubaki hivyo, kwa sababu hakuna kipimo cha kuirudia.

Marekani ilikuwa na sababu ya kujali kuliko wengine. Vita Baridi vilikuwa vimeanza, na kitu kisichojulikana angani kingeweza kuwa ndege ya Wasovieti. Jeshi la Anga likaanzisha mradi wa Sign, ukafuatiwa na Grudge, kisha Blue Book uliodumu kuanzia 1952 hadi 1969 na kukusanya taarifa 12,618. Mshauri wake wa kisayansi alikuwa J. Allen Hynek, mtaalamu wa falaki aliyeingia akiwa mpinzani. Machi 1966, baada ya wakazi wa Michigan kuona taa usiku, Hynek alisema huenda baadhi ni gesi ya kinamasi inayowaka. Taifa zima likamcheka. Gerald Ford, wakati huo mbunge wa Michigan, akadai suala hilo lisikilizwe bungeni, na kutokana na shinikizo hilo ikaundwa tume ya Chuo Kikuu cha Colorado chini ya mwanafizikia Edward Condon. Tume ilihitimisha kwamba utafiti zaidi hauelekei kuinufaisha sayansi, ingawa sehemu isiyo ndogo ya kesi ilizozichunguza yenyewe haikupatiwa maelezo. Blue Book ukafungwa. Hynek alikwenda njia nyingine: hakusema ni wageni, lakini alikataa kuendelea kucheka, na mwaka 1973 akaanzisha kituo chake cha uchunguzi.

Masalio na maana yake

Hoja inayorudiwa zaidi na wanaoamini ni ya masalio. Ukiondoa ndege, maputo, vimondo, setilaiti, sayari ya Zuhura inapong'aa karibu na upeo wa macho, na uzushi wa makusudi, bado kuna kesi zisizoelezeka. Ni kweli. Blue Book uliacha kesi 701, karibu asilimia 5.6. Ufaransa, yenye kitengo cha kiraia kiitwacho GEIPAN ndani ya shirika lake la anga mjini Toulouse, hubakiwa na takriban asilimia 3. Ripoti ya idara za ujasusi za Marekani ya Juni 2021 ilikuwa na matukio 144, na ni moja tu lililotambuliwa kwa uhakika: puto kubwa lililokuwa likipungua hewa.

Asilimia 3, asilimia 5.6, karibu asilimia 100. Namba zinazotofautiana kiasi hiki haziwezi kuwa zinapima kitu kimoja kilicho angani. Zinapima ubora wa kumbukumbu. GEIPAN hupokea taarifa kupitia polisi, huhoji mapema, hulinganisha na ramani za nyota, safari za ndege na hali ya hewa, kisha huweka faili hadharani. Wale wa 2021 walikuwa na maelezo mafupi ya marubani na hawakuwa na muda. Ripoti ya AARO ya Novemba 2024 inalionyesha jambo hili waziwazi. Kati ya taarifa 757 ilizopokea, 292 zilikuwa zimefungwa au zinasubiri kufungwa kwa maelezo ya kawaida. 444 ziliwekwa kando kwa kukosa data. 21 ndizo zilizoonekana kustahili kuchunguzwa zaidi. Mwenye haraka atazihesabu zile 444 kuwa fumbo. Kwa kweli nyingi hazitoshi hata kuwa fumbo: taa iliyoonekana kwa muda mfupi, bila umbali, bila ukubwa, bila shahidi wa pili.

Februari 2023 ilitoa somo lingine kwa gharama ya makombora. Baada ya puto la Kichina kuvuka Marekani na kutunguliwa tarehe 4, jeshi lilirekebisha vichujio vya rada zake ili zisipuuze vitu vidogo vinavyokwenda polepole. Tarehe 10, 11 na 12, mfululizo, ndege za kivita zikatungua vitu vingine vitatu. Anga haikuwa imebadilika wiki ile. Serikali ya Marekani baadaye ilisema huenda vilikuwa maputo ya makampuni au ya watafiti.

Bado kuna kesi chache ambazo haziondoki kirahisi, na uchambuzi unaozikwepa haufai. Nzito kuliko zote kwa maoni yangu ni ya 14 Novemba 2004, karibu na pwani ya kusini ya California. Rada ya meli ya USS Princeton ilikuwa imeonyesha vitu vya ajabu, na kamanda David Fravor, akiwa na marubani wenzake kwenye ndege mbili, aliona kwa macho kitu cheupe kirefu, kisicho na mabawa wala moshi, kikijibu mienendo ya ndege yake kabla ya kupotea. Hapa pana marubani mahiri, mchana kweupe, na chombo zaidi ya kimoja. Upungufu uko palepale pa siku zote: kumbukumbu za rada hazijawekwa hadharani, na video inayosambaa haikupigwa na Fravor bali na ndege iliyofuata baadaye siku hiyo.

Kesi ya wageni katika ubora wake

Tuipe nadharia ya wageni nafasi yake kamili. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari inayozunguka nyota ya 51 Pegasi, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kufikia 2025 sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa Jua zilifika 6,000. Baadhi ni za mawe, na ziko mahali ambapo maji yangeweza kuwa kimiminika. Galaksi yetu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 10, Dunia bilioni 4.5, na binadamu wana redio kwa miaka mia na ushee tu. Kama kuna wengine, haielekei tulingane nao umri. Wanaweza kuwa wametutangulia kwa miaka milioni nyingi, na ustaarabu wa namna hiyo hauwezi kupimwa kwa injini tunazozijua sisi.

Wapinzani huja na umbali. Proxima Centauri, nyota ya jirani kabisa baada ya Jua, iko miaka-nuru 4.24 kutoka hapa, takriban kilomita trilioni 40. Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977 na kwenda kilomita 17 kila sekunde, ingehitaji miaka ipatayo 75,000 kuumaliza umbali huo. Parker, chombo chetu chenye kasi kuliko vyote, kilifikia takriban kilomita 692,000 kwa saa kilipolikaribia Jua Desemba 2024. Nacho kwa kasi hiyo kingechukua zaidi ya miaka 6,500. Ukitaka kufika ndani ya nusu karne unahitaji karibu asilimia 10 ya kasi ya mwanga. Kusukuma tani moja tu hadi kasi hiyo kunadai nishati ambayo Bwawa la Julius Nyerere, na megawati zake 2,115 zote, lingeizalisha kwa karibu miaka saba bila kuzima mtambo hata siku moja. Kisha unahitaji kiasi kama hicho cha kuisimamisha.

Hesabu hiyo inatisha, lakini haifungi mlango. Asiye na haraka anaweza kutuma mashine badala ya viumbe, na kwa asilimia 1 ya kasi ya mwanga mashine hizo zingeikata galaksi nzima kwa miaka milioni 10, muda mfupi ukilinganisha na umri wake. Ndiyo maana mwaka 1950 Enrico Fermi, akila chakula cha mchana na wanafizikia wenzake huko Los Alamos, aliuliza wako wapi basi. Swali lake linakata kotekote. Linasema wageni kuja inawezekana, na papo hapo linasema kama wangekuwa wengi na wanasafiri, tusingekuwa tunabishana juu ya video za ukungu. Frank Drake alianza kusikiliza nyota mbili kwa redio huko Green Bank mwaka 1960, na mwaka uliofuata akaandika mlinganyo wake wa kukadiria idadi ya ustaarabu unaoweza kuwasiliana. Vipengele vyake vya mwanzo sasa tunavijua kiasi. Vya mwisho, kuhusu uhai kuzaa akili na akili kudumu, bado kila mtu anaweka namba yake.

Kwa hiyo ukiniuliza kama wageni wanaweza kuja, nitasema fizikia haikatazi. Lakini uwezekano wa mtu kufika hauwi ushahidi kwamba aliyegonga mlango ni yeye, na hapo ndipo makala nyingi za kushangilia wageni huruka hatua.

Video moja, sekunde baada ya sekunde

Desemba 2017 gazeti la New York Times lilifichua mpango wa Wizara ya Ulinzi wa kuchunguza vitu hivi uliogharimu dola milioni 22, na tangu habari hizo zikaanza kutoka video za jeshi la majini. Inayoitwa GoFast ilirekodiwa mwaka 2015 na ndege ya kivita kwenye pwani ya mashariki. Ndani yake doa dogo jeupe linakimbia juu ya bahari kiasi kwamba kamera inapata taabu kulidaka, na marubani wanasikika wakipiga kelele za furaha. Mtazamaji wa kwanza anaapa kwamba kitu kile kinapita karibu na mawimbi kwa kasi isiyo ya kawaida.

Lakini kioo cha kamera kina namba pembeni: urefu wa ndege kutoka usawa wa bahari, pembe ya kamera, umbali hadi kwenye kitu. Jopo la NASA lilizichukua namba hizo na kufanya hesabu ya pembetatu ya sekondari. Ndege ilikuwa kwenye futi 25,000. Kitu kilikuwa kwenye futi 13,000 hivi, si karibu na maji hata kidogo. Kasi yake halisi ilitoka takriban kilomita 64 kwa saa, mwendo wa kitu kinachopeperushwa na upepo. Kilichokuwa kikienda mbio ni ndege yenyewe. Abiria wa basi la Morogoro huona nguzo za umeme zikikimbia kurudi nyuma huku milima ya Uluguru ikijikokota, na hamwiti mtu kuchunguza nguzo.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa sababu unaonyesha namna kesi zinavyokufa. Hakuna aliyewaita marubani waongo wala walevi. Zilipatikana namba tatu, basi. Kesi zilizobaki hai karibu zote ni zile ambazo namba hizo hazimo.

Kuna jibu la wanaoamini ambalo lina uzito: simu zetu hazikutengenezwa kupiga kitu kidogo, cha mbali, usiku. Ni kweli, na anayecheka kwamba kila mtu ana kamera lakini picha bado ni mbovu anapaswa kujaribu kuupiga mwezi kwa simu yake. Hata hivyo, asubuhi ya 15 Februari 2013 jiwe la kipenyo cha mita 20 hivi liliingia anga ya Chelyabinsk, Urusi, bila taarifa. Lilipita kwa sekunde chache. Kamera za magari na za ulinzi zililinasa kutoka pembe nyingi, wanasayansi wakakokotoa njia yake hadi kwenye mzingo lilikotoka, na kipande cha zaidi ya kilo 500 kikaopolewa ziwani. Tukio moja, la ghafla, likaacha ushahidi unaoshikika. Wageni wanaodaiwa kuja mara kwa mara kwa karibu miaka 80 hawajaacha hata nusu ya huo.

Watoto wa Ruwa

Kesi inayotajwa zaidi barani Afrika ni ya shule ya msingi ya Ariel, Ruwa, nje kidogo ya Harare. Tarehe 16 Septemba 1994, wakati wa mapumziko ya asubuhi, walimu wakiwa kwenye kikao, wanafunzi 62 walisema waliona chombo cha rangi ya fedha kikitua kwenye vichaka nyuma ya uwanja, na viumbe wadogo waliovaa nguo nyeusi wenye macho makubwa. Siku chache baadaye waliombwa wachore. Michoro mingi inafanana. John Mack, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, alisafiri kuwahoji, akaondoka akiwa na hakika kwamba hawakuwa wakitunga. Baadhi yao, sasa watu wazima, wanasimulia vilevile.

Upande wa pili una mambo mawili. Usiku wa 14 Septemba, siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Kirusi yaliungua yakiingia angani na kuonekana kama msururu wa taa sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika, na mazungumzo ya vyombo vya wageni yakatawala redio. Pili, watoto walihojiwa kwa makundi, wakisikilizana, na watu waliokuja tayari na imani yao. Kwa mahojiano ya namna hiyo haiwezekani tena kutenganisha alichokiona mtoto wa kwanza na alichokisikia wa sitini. Inasimuliwa pia kwamba baadhi ya watoto walidhani ni tokoloshe, kiumbe wa simulizi za kusini mwa Afrika, wakaogopa kuliwa. Kila mtoto alikiita kitu kile kwa jina alilolikuta nyumbani.

Sidhani walidanganya. Nadhani waliona kitu, na kwamba nafasi ya kujua ni kitu gani ilipotea katika saa 48 za kwanza, kwa sababu hakuna aliyekwenda kupima alama kwenye vichaka wala kumhoji mtoto mmojammoja.

Siri zinazolisha imani

Lisemwalo lipo, husema wengi, na serikali za dunia zimefanya bidii kuipa methali hiyo nguvu. Kuanzia 1955 shirika la CIA lilirusha ndege za U-2 kwa urefu wa zaidi ya futi 60,000, wakati ndege za abiria zilikuwa chini sana ya hapo na wengi wakiamini hakuna chombo kinachoweza kufika huko. Jua likizama, rubani wa abiria aliyekwisha kuingia gizani aliona juu yake kitu kikimetameta kama moto. Wachunguzi wa Blue Book walilinganisha taarifa na ratiba za siri, wakajua, na hawakuruhusiwa kusema. CIA baadaye ilidai ndege hizo na nyinginezo zilikuwa chanzo cha zaidi ya nusu ya taarifa za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960, kadirio ambalo watafiti wengine wanaliona limetiwa chumvi. Juni 2025 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kisa kibaya zaidi: katika miaka ya 1980 kanali mmoja alimpelekea mwenye baa jirani na Area 51, kambi ya siri ya majaribio ya ndege, picha za kughushi za visahani, ili ndege mpya zisizonaswa na rada zifichike nyuma ya uvumi.

Kuna sababu ya kawaida zaidi ya usiri. Picha kali iliyopigwa na kamera ya ndege ya kivita humwonyesha adui kamera hiyo inaona umbali gani. Kwa hiyo kinachoruhusiwa kutoka ni kile kibovu, na mwananchi hukisia kwamba kilicho kizuri kimefungiwa kabatini. Huenda kweli kimefungiwa, na huenda kinaonyesha puto. Hali hii haina suluhisho jepesi: jeshi likifungua kabati linapoteza siri halali, likilifunga linapoteza imani ya umma, na kwa miaka yote hiyo limechagua hasara ya pili.

Ila siri ya kudumu ina gharama yake pia. Madai ya Grusch yanahitaji maelfu ya wahandisi, marais wa vyama viwili na serikali za kigeni kunyamaza kwa vizazi, katika nchi ambayo haikuweza kuficha bomu la atomiki kwa Stalin.

Walioacha njia kuu

Si kila anayekataa maelezo ya kawaida hukimbilia sayari nyingine. Jacques Vallée, Mfaransa aliyesomea falaki na kompyuta, aliandika mwaka 1990 hoja tano dhidi ya nadharia ya wageni wa sayari nyingine, ingawa anaamini jambo lenyewe ni la kweli. Mbili kati yake ni kali. Kutua kunakodaiwa ni kwingi mno kuliko mahitaji ya mtafiti yeyote wa sayari; na viumbe wanaoelezwa wana miguu miwili, mikono miwili na uso, wanapumua hewa yetu na kutembea chini ya uzito wetu, jambo lisilotarajiwa kwa uhai uliokua kwingine. Vallée anaona mfanano na simulizi za kale za Ulaya za viumbe waliochukua watu, na msomaji wa pwani yetu atakumbuka majini bila kuambiwa. Carl Jung, mwaka 1958, alikwisha kuandika kwamba mduara unaong'aa angani ni alama ya nafsi za watu wenye hofu ya vita, bila kukana kwamba huenda kuna kitu kweli.

Vallée anabomoa vizuri kuliko anavyojenga. Uhalisia mwingine usiopimika unaeleza kila kisa, hata vile vinavyopingana, na kwa sababu hiyo hautabiri chochote kinachoweza kukaguliwa. Kuna pia wanaofuata hali za asili zisizoeleweka vizuri, kama taa za bonde la Hessdalen nchini Norway, ambako wameweka vyombo vya kupimia badala ya kusubiri mashahidi. Njia hiyo haina mashabiki wengi. Ndiyo ninayoiona ya maana kuliko nyingine.

Kitakachoweza kubadilisha jibu

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kipenyo cha mita 2.5 hivi, yenye uzito wa kilo 500, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliichukua na kueleza kwamba inaelekea ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Kitu kilichoanguka hupimwa, hata kama mwenyewe hajajitokeza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia kwa kipande cha magnesi kilichosemekana kutoka kwenye chombo kilichoanguka mwaka 1947. AARO ilikipeleka maabara ya Oak Ridge, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha isotopu zake ni za dunia hii. Kila mfumo wa nyota ulipikwa kwa mchanganyiko wake, na madini yaliyotoka kwenye mfumo mwingine yangetarajiwa kubeba uwiano tofauti. Kipimo kipo na kimeshatumika. Kinachosubiriwa ni sampuli.

Na ipo njia ya pili, isiyohitaji ajali. Vitu kutoka nyota nyingine vimekwisha kupita kwetu mara tatu tunazozijua: 'Oumuamua mwaka 2017, Borisov mwaka 2019, na 3I/ATLAS iliyogunduliwa Julai 2025 kwa darubini iliyoko Chile. Cha kwanza kilizua ubishi wa haki. Kiliongeza kasi kidogo bila mkia unaoonekana, na Avi Loeb wa Harvard akapendekeza huenda ni kazi ya mafundi wa mbali. Wengine wameeleza ongezeko hilo kwa gesi ya hidrojeni inayovuja kutoka kwenye barafu. Mimi naegemea barafu, kwa kuwa viwili vilivyofuata vilikuwa na gesi na vumbi vya kutosha. Lakini angalia namna ubishi wenyewe ulivyoendeshwa: mzingo ulijulikana kwa tarakimu nyingi, data zilikuwa wazi kwa kila mtu, na aliyekosea alioneshwa kwa hesabu.

Hakuna taarifa hata moja ya vitu visivyotambulika angani mwetu iliyofikia kiwango hicho, na mpaka ifikie, wageni watabaki maelezo ya mwisho kwenye orodha, nyuma ya puto, setilaiti za Starlink zinazopita kwa msururu, na kifaa cha siri cha jeshi fulani. Darubini mpya ya Vera Rubin huko Chile ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025, na itakuwa ikipitia anga yote ya kusini kila baada ya siku chache kwa miaka kumi. Watafiti wanatarajia iongeze idadi ya vitu kutoka nje ya mfumo wa Jua. Kimoja kikibadili njia bila gesi wala vumbi, au kikapunguza mwendo kinapoikaribia sayari, itajulikana ndani ya siku chache kwenye vituo vya falaki vya mabara yote, bila kibali cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani.